Dole Gumba Nililowanyima

Mimi ni Hemedi, mshona kofia wa hapa Tabora mjini. Nashona kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Nilikuwa mzima wa afya na mbishi, kama mke wangu Zuhura atakavyowaambia hata msipomuuliza. Leo nasimulia jinsi mkono wangu wa kulia ulivyokufa ganzi na jinsi ulivyorudi, ili aliyefikwa na kama yangu asikate tamaa.

Kwetu msafiri akikosa pa kulala hupewa kitanda, na siku tatu za kwanza haulizwi atokako wala aendako. Ndivyo wazee wetu walivyopokea watu tangu enzi za misafara. Mwaka jana nilimkuta mtu mmoja mpole msikitini, nikampeleka nyumbani. Alikaa siku mbili, akashukuru, akaenda zake. Wiki iliyofuata walikuja askari wanne. Kumbe mgeni wangu alikuwa akitafutwa kwa mambo ya usalama wa taifa.

Mkubwa wao aliniamkia, "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Kisha akanifunga pingu mikono nyuma, akazikaza mpaka zikagusa mfupa.

"Yule mgeni wako nani?"

"Alisema anaitwa Juma."

"Juma nani? Wa wapi?"

"Sikumuuliza. Siku tatu zilikuwa hazijatimia."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na ndio ulioniponza.

Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Mimi nilikaa mahabusu siku tisa bila wakili, na nyumbani hawakuambiwa niko wapi. Pingu zilifunguliwa wakati wa kula na kwenda chooni tu. Siku ya pili mkono ulivimba, ngozi ikang'aa kama bilinganya. Siku ya tatu vidole viliwaka moto. Siku ya tano moto ulizima, na hapo ndipo nilipoogopa. Walipofungua pingu nile, nilijing'ata dole gumba, nikaona damu, sikusikia maumivu. Nililia, na sioni haya kusema.

Siku ya tisa yule mkubwa aliniletea karatasi. "Mzee, tumejiridhisha, huna neno. Weka dole hapa uende hospitali."

Nikaomba niisome kwanza. Ilisema nimetunzwa vizuri, natoka nikiwa mzima, sina malalamiko.

"Na mkono huu?"

"Hayo utamwambia daktari. Ukikataa, unabaki."

Wallahi nilitamani kuliweka. Kila saa iliyopita iliula mkono wangu. Lakini niliona kwamba nikikubali, mkono utakuwa umeumia bila mtu yeyote kuuumiza, na atakayefungwa baada yangu hatakuwa na pa kuanzia. Nilitumia mkono wa kushoto kuvikunja vidole vya kulia vilivyokufa, nikaufumba ngumi.

"Basi nabaki," nikasema.

Kesho yake asubuhi Zuhura, aliyekuwa akizunguka kituo hadi kituo, alifika na wakili, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti. Alidai niachiwe, na nipewe PF3, ile fomu ya polisi ambayo hospitali huitaka kwa majeruhi. Askari akaandika kwamba nilianguka.

"Aliangukia pingu?" wakili akauliza, akairudisha. Ikaandikwa upya, safari hii kwa ukweli.

Daktari alinichoma sindano vidoleni nikiwa nimefumba macho. "Hapa?" Sijui. "Na hapa?" Sijui. Zuhura akatoka nje. Daktari akasema, "Mshipa wa fahamu umebanwa, haujakatika. Utarudi polepole, lakini ukiwa mvivu hautarudi."

Kila siku nilitia mkono kwenye mfuko wa choroko na karanga, nikizitenganisha bila kutazama. "Hiyo choroko, baba," Zuhura alinitania, "karanga gani ndogo hivyo?" Mwezi wa nne wa mazoezi hayo dole likaanza kunitekenya, kama linatembewa na sisimizi. Nilipiga kelele za furaha hadi jirani akaja mbio kuuliza nani kafa.

Wapo wanaosema usalama wa nchi kwanza. Nami nataka nchi iwe salama, nina wajukuu. Lakini yote niliyoyajua niliyasema dakika ya kwanza. Pingu hazikuongeza hata neno moja. Ukikamatwa, dai wakili, na usitie dole kwenye kitu usichokisoma. Ukiugua humo ndani, sema kwa sauti, kila siku, hata wakuchoke. Namshukuru Mungu, daktari, wakili, na Zuhura aliyechakaza kandambili akinitafuta.

Wiki iliyopita nilipeleka malalamiko yangu rasmi. Karani alipouona mkono unavyotetemeka alinihurumia, akasogeza pedi ya wino.

"Weka dole tu, mzee, usijisumbue."

"Nipe kalamu," nikamwambia.

Nilichukua muda mrefu, na watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Herufi zilipinda. Lakini niliandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na linasomeka.