Mechi Iliyosubiri Magharibi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenilisha katika nchi ya baridi, akanipa umri mrefu kuliko nilivyotarajia, na akazisitiri aibu zangu hata watu wakanidhania mwema. Namshukuru kwa sitara hiyo. Ninalijua fundisho kwamba dhambi aliyoifunika Mola, mja asiifunue. Lakini hii ninayoisimulia ina haki ya mtu mwingine ndani yake, na mbaya zaidi, nimeitumia kufundishia.

Wanaokuja kwenye darsa sebuleni kwangu, hapa Southall, wanakijua kisa. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia huwasimulia jinsi timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu cha ualimu, hapa hapa London, ilivyosogeza mechi yake ya mwisho ili Mwislamu mmoja afungue saumu kwanza. Vijana hukipenda sana. Mwislamu huyo ni mimi. Yote ninayowasimulia yalitokea, isipokuwa moja: siku hiyo sikuwa nimefunga.

Ilikuwa miaka michache kabla ya nchi zetu kupata uhuru. Katika timu ile tulikuwa wawili tu kutoka Afrika Mashariki. Mimi nilitoka pwani, mwenzangu alitoka bara, mtoto wa mchungaji. Aliniita Shekhe, nami nikamwita Mchungaji, na haukupita muda timu nzima ikatuita hivyo, Waingereza wakizitafuna herufi kwa shida.

Ukumbi wetu ulikuwa na mihimili iliyoshuka chini mno. Ukiurusha mpira juu kama inavyofundishwa, ulikuwa unagonga mbao na kurudi. Wageni walihangaika nayo hiyo mihimili. Mchungaji, mfupi kuliko sisi sote, alijifunza kuupitisha mpira chini yake, bapa, kama mtu anayepenyeza barua chini ya mlango. Msimu ulianza vibaya. Tulipoteza mechi tatu za kwanza, zote ugenini. Kisha tukaanza kushinda nyumbani, na kila tuliposhinda ilikuwa ni mkono wake. Mimi nilikuwa mdakaji mzuri tu. Nafasi yangu haikuwa na uhakika.

Tukabakiwa na mechi moja, ukumbini kwetu, dhidi ya chuo cha ng'ambo ya mto. Mshindi ndiye angekuwa bingwa. Ramadhani ilikuwa imeingia. Jumamosi iliyotangulia nilicheza nikiwa na saumu, nikakosa vikapu viwili ambavyo hata mtoto angefunga, na nahodha akanikalisha benchi. Mchezaji mmoja nyuma yangu alisema kwamba labda Shekhe angefaa zaidi kwenye kwaya. Walicheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile nilitembea nalo wiki nzima.

Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa ianze saa tisa alasiri. Siwezi kusingizia urefu wa mchana. Majira yale jua la London huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na wazee wetu nyumbani walifunga siku ndefu zaidi huku wakilima. Sikuwa mgonjwa wala msafiri. Adhuhuri nilitoka chuoni, nikatembea mbali mpaka nilipoona hapana anayenijua, nikaingia mkahawani nikaagiza mayai mawili, mkate na chai. Nilikula haraka, mgongo wangu umeelekea dirishani.

Niliporudi nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Mechi itaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Mchungaji alikuwa amesimama kando yake, anatabasamu.

"Tumewapigia simu asubuhi hii, wamekubali," alisema. "Nimemsumbua nahodha tangu Jumatatu. Utafuturu kwanza, Shekhe, halafu ndio tutaona kama tatizo ni saumu au ni mikono yako."

"Na kazi yako?" nilimuuliza. Jumamosi jioni aliosha vyombo kwenye jiko la hoteli moja, na alitakiwa awe kazini saa ile ile.

"Nimeomba ruhusa, wamekataa. Sitacheza."

"Mchungaji, hii ni mechi yako ya mwisho." Alikuwa mwaka wa mwisho.

"Nimecheza zote nyingine. Wewe unafunga mwezi mzima, mimi nishindwe kufunga mdomo jioni moja?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilihitaji maneno mawili tu: nimeshakula leo. Karatasi ingebanduliwa, simu ingepigwa tena, na yeye angecheza saa tisa. Nilimtazama, nikamwambia, "Mungu akulipe."

Jua lilipozama nahodha alileta tende tatu kwenye kisahani. Mchungaji ndiye aliyezitafuta, sijui alitembea maduka mangapi. Wachezaji walisimama wakanizunguka, kimya kama watu kanisani, hata yule wa kwaya. Mchungaji alikuwa mlangoni amevaa koti, amechelewa tayari, anangoja kuniona. Niliinua mikono. Nikasoma dua ya kufungulia mbele yao wote, sauti yangu ikiwa wazi, na tende ikashuka ikayakuta mayai. Alipoona nimetafuna, alinipungia mkono akakimbilia treni.

Tulifungwa kwa pointi tatu. Nguvu nilikuwa nazo, miguu haikuchoka, na hakuna aliyejua kuupitisha mpira chini ya mhimili.

Jumatatu alinikuta nikipita bwaloni. "Tatu tu?" alisema. "Tatu ningewafungia nimelala." Akanigongea bega, akaenda kuchukua uji wake. Mwezi ulipoandama niliilipa siku ile moja kwa kufunga, na nikajiambia hesabu yangu na Mola imekwisha. Nimefundisha dini miaka mingi. Ninajua, na nilijua hata wakati ule, kwamba Mola husamehe haki yake kwa toba, lakini haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe.

Tulirudi makwetu tukafundisha shule, na uzeeni watoto wetu wakatuleta tena London, mimi huku, yeye Stratford. Tangu hapo, kila jioni ya Ramadhani hunipigia simu jua likizama. "Shekhe, refa keshapiga filimbi?" Nami hujibu kwamba kapiga. Hajui utani huo unanichoma wapi.

Mwaka huu aliugua mapafu, akalazwa, akatoka amekonda. Niliogopa atatangulia na haki yake. Ramadhani ilipofika katikati nilipanda treni baada ya alasiri mpaka Stratford.

"Karibu, Shekhe," alisema. "Chai sikupi, ujue."

"Mchungaji, nimekuja kukuomba radhi."

"Umevunja nini?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mikono yake ikiwa juu ya blanketi.

"Ulikula nini?"

"Mayai mawili. Mkate. Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Alitikisa kichwa polepole. "Shule niliyopangiwa nyumbani haikuwa hata na uwanja. Sikushika mpira tena baada ya pale." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ungeniambia pale mlangoni. Nisingevaa koti."

Akalivuta blanketi, akaendelea.

"Na watu wako wa darsa, umewaambia nini miaka yote hii?"

"Kwamba ulijinyima kwa ajili ya saumu yangu."

"Basi anza na hao. Mimi niache kwanza nifikiri."

Jioni ile simu haikulia. Wala ya pili, wala ya tatu. Jumamosi niliwaambia watu wa darsa ukweli, mmoja mmoja wakiinamisha macho, na kijana aliyekipenda sana kisa kile aliondoka bila kuniaga, tofauti na kawaida yake. Hawakukosea. Wanaosoma haya nao wajue hivyo hivyo, kwa kuwa kisa kimeshasafiri mbali kuliko sauti yangu.

Jioni ya mwisho ya Ramadhani nilikaa na tende mbele yangu, adhana imekwisha, mkono hauendi. Simu ikalia.

"Umefungua?" aliuliza.

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nilimsikia akivuta pumzi kwa taabu. "Usiningoje, bwana. Kula."

Hakuniita Shekhe. Nilikula nikilia kidogo, na simu tukaiacha wazi.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akupe ulimi utakaosema neno lake pale pale mlangoni, koti halijavaliwa. Akulinde na sifa usizostahili, na akukutanishe na wenye haki zao kwako ungali hai, nao wakiwa hai. Amina.