Sura ya Mwalimu Mkuu Ukutani

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la Nyasuguta lilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila alipopita nje ya Shule ya Msingi ya Lowo Rakwar akienda sokoni Kosele, alilikuna upya.

Shule hiyo ilianza kupata jina mwaka wa 2005. Masomo yalikuwa ya bure, watoto wakamiminika, vitabu visitoshe. Nyasuguta, mama yake Levi, mzazi tu aliyeolewa huku kutoka Kisii, alijitolea kufundisha. Aliwapa watoto kile alichopewa na mama yake: kukanda udongo wa rangi na kuupaka ukutani kwa vidole. Mweupe waliuchimba mtoni, mweusi bondeni, na mwekundu uliletwa kwa gunia kutoka Macalder. Wakachora herufi, kisha kuku, kisha harusi nzima. Wageni wakaja kutazama, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kuwa shule ya sanaa. Wiki hiyohiyo Mwalimu Mkuu Omanga alimwita ofisini.

"Mama Levi, tunashukuru. Lakini sasa hii ni shule ya sanaa. Inataka watu wenye vyeti."

Tangu siku hiyo, katika kila hotuba, sanaa ya Lowo Rakwar ilizaliwa kichwani mwa Omanga.

Mwaka huu Omanga alikuwa anastaafu. Alitaka historia ya shule ichorwe kwenye ukuta unaotazama uwanja wa gwaride. Walimu wenye vyeti walijaribu, na udongo wao ukapasuka ndani ya siku mbili. Ikabidi Mama Levi aitwe.

Jirani yake, Filister, alishika kiuno. "Nyaminwa, dada yangu, utaenda kumpamba mtu aliyekufukuza? Huna hata haya?"

"Nitaenda," Nyasuguta alisema. "Wewe niwekee tu samadi ya ng'ombe wako."

Samadi mbichi ndiyo iliyoshika udongo wake usichukuliwe na mvua. Kwa siku nne aliikanda na kupaka: darasa la kwanza, wale kuku, ile harusi. Maneno alipewa yakiwa tayari kwenye karatasi: "Mwanzilishi: Mwalimu Omanga." Aliyaandika herufi kwa herufi.

Siku ya tano ilibaki sura ya mwanzilishi mwenyewe, pana kama mlango. Omanga alikuja ameziba pua kwa kitambaa.

"Mama Levi, hapa kwangu usitie hiyo kitu. Mgeni wa heshima atasimama karibu. Sura yangu haiwezi kupakwa mavi."

Nyasuguta angeweza kumweleza. Ulimi ulifika kwenye meno, akaurudisha.

"Bila samadi kabisa, mwalimu?"

"Kabisa. Udongo na maji."

"Basi iwe ulivyosema."

Aliichora sura hiyo kwa mapenzi ambayo hata mumewe hakuwahi kuyaona. Miwani iling'aa. Tai ilinyooka.

Ijumaa ya kumuaga Omanga, saa nane mchana, wageni wakiwa wameketi chini ya mahema, mvua ilitoka upande wa ziwa na kuupiga ukuta. Kuku walibaki. Harusi ilibaki. Paji la uso la Omanga ndilo lililotangulia, kisha miwani ikateleza hadi kwenye masharubu.

"Mwalimu anayeyuka," mtoto mmoja alisema, na hema zima likaangua kicheko.

Nyasuguta alitazama kama mtu anayekula nyama ya sherehe, polepole, mfupa kwa mfupa.

Mvua ilipopungua, Omanga alimjia, viatu vimejaa tope. "Umeniaibisha. Rekebisha kabla wageni hawajaondoka."

"Nitarekebisha. Kwanza shika kipaza sauti, uwaambie ni nani alianzisha sanaa hapa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Hao hao walioona."

Omanga aliutazama ukuta, akamtazama mgeni wa heshima, ambaye bado alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Akashika kipaza sauti. "Sanaa ya shule hii," alisema kwa sauti ndogo, "ilianzishwa na mama mmoja, anaitwa Nyasuguta."

Nyasuguta alienda kuketi safu ya mwisho, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Huku nyuma hatujasikia, mwalimu."

Omanga akapaza sauti, akaanza tena, kuanzia mwaka wa 2005.