Landrova ya Kumleta Mama Mkwe

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute humu Kiswahili cha redioni. Nilichojua nimekijua kwa mikono. Nimevua, nimeunda mitumbwi, nimenunua dagaa mwaloni, wanaposhushia samaki, nikawauza mpaka nikajenga nyumba ya bati hapa Makoko. Na uzeeni nimefufua gari lililokuwa limekufa miaka kumi na minne uani kwangu. Fundi hakukanyaga. Nasema mapema ili asitokee mtu akasema nilisaidiwa.

Gari lenyewe ni landrova ya zamani. Mbele wanakaa watu watatu, nyuma ni turubai, na katikati kuna ukuta wa bati wenye kidirisha kimoja. Nilipoinunua ilikuwa imeshazeeka. Ilibeba sangara, ikabeba saruji, ikabeba wagonjwa wa mtaa mzima bila kudai asante. Siku moja nikitoka Bugwema na magunia ya mihogo ikachemka, mimi nikalazimisha, kichwa cha injini kikapinda. Ng'ombe wanne waliivuta mpaka barabara kubwa. Tangu hapo ikawa nyumba ya kuku. Vijana wa vyuma chakavu walikuwa wanakujaga na mkokoteni wao getini.

"Mzee, tupimie hicho chuma."

"Kapimeni kitanda cha baba yenu," nawajibu, wanaondoka wakicheka.

Sikuwa na mpango nayo. Nilikuwa siwezi tu kuiona ikikatwakatwa.

Basi mke wangu akateleza kwenye jiwe la kufulia, kule chini ziwani, nyonga ikavunjika. Hospitali wakamtia chuma, wakampa fremu ya kutembelea, wakasema safari hakuna. Yeye kwao Butiama, na mama yake bado yuko hai. Huyo mama hakuna anayeujua umri wake. Macho yamebaki kidogo, masikio anasikia vizuri akitaka. Kila jioni wanapigiana simu, na kila jioni mama anamaliza na neno moja: "Nitakufa sijakuona."

Hilo neno lilikuwa linamkata mke wangu. Akiiweka simu chini hali chakula tena.

Sasa asiyejua mila zetu atasema, si huyo mama aletwe? Sikilizeni. Kwanza, mama mkwe haendi nyumbani kwa mkwe wake kama mgeni wa njaa. Mkwe mwenyewe ndiye amfuate. Pili, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hatuli pamoja, hatugusani, hata kutazamana usoni hatutazamani. Miaka yote niliyomwoa binti yake, nikimwona anakuja njiani mimi naingia porini, naye anageuza kitenge. Hiyo ndiyo heshima, si ugomvi. Kwa hiyo lazima nimfuate mimi, na siwezi kukaa naye gari moja.

Kijana wetu aliyeko Mwanza akajitolea kuja na gari lake dogo. Nilikuwa nje ya dirisha wakati mke wangu anamwambia mama yake, simu iko spika.

"Mama, mjukuu wako atakuja na gari."

"Na mkwe?"

"Atakuwepo. Atakaa mbele."

"Na mimi nyuma yake, nimhesabie mvi za kisogo? Hapana."

"Basi tukodi pikapu, mama, wewe ukae nyuma."

"Mimi si mbuzi wa mnada."

"Mama, watu wa siku hizi…"

"Watu wa siku hizi wapande. Ile gari yake yenye ukuta iko wapi?"

"Ilikufa zamani."

"Basi aifufue. Si ana mikono?"

Kesho yake asubuhi niliwatoa kuku.

Mtu akikwambia injini ni ngumu, ujue anataka hela yako. Injini ni kama nyavu, kila kitu kimeshikana na chenzake, ukijua ulipoanzia utajua pa kurudia. Shida yangu ilikuwa kukumbuka. Maandishi ya kitabu cha gari siyawezi, tena ni Kizungu. Nikafanya tunavyofanya na ndoano: nikachukua mshipi mrefu, kila boliti niliyofungua nikaifunga kwenye mshipi kwa mpangilio, ya kwanza mwanzo, ya mwisho mwisho. Mshipi ukatoka kwenye boneti ukavuka ua mpaka barazani, alikokaa mke wangu na fremu yake. Yeye alimaliza la saba. Akachana boksi la sabuni vipande vipande, akawa anaandika na kuning'iniza.

"Hii ya ngapi?"

"Sijui. Iko karibu na kabureta."

"Karibu ya juu au karibu ya chini?"

"Mama watoto, andika karibu!"

"Mimi siandiki karibu. Tazama tena."

Natazama tena. Kumbe ni ya chini. Mwezi wa kwanza nilimwona kero, mwezi wa pili nikawa siwezi kugusa spana kabla hajakaa kwenye kiti chake. Na chakula akaanza kula, maana ukishakuwa msimamizi lazima ule.

Kichwa cha injini kilikuwa hakifai. Nikakumbuka Bugwema, nyuma ya ghala la pamba, kuna landrova kama yangu imezama majanini. Nilipofungua boneti nikakuta nyuki. Mwenye ghala akasema chukua unachotaka, mzee, ukiwamaliza hao. Niliwafukizia moshi wa kinyesi cha ng'ombe, nikaumwa mara sita, nikatoka na kichwa cha injini na ndoo ya asali. Kile kichwa nikakisawazisha nyumbani kwa msasa juu ya kioo cha dirisha, siku tatu, nasukuma namwita mke wangu aje apime kwa ukingo wa rula.

Gasketi na mipira ya breki nilifuata Bunda, kwa muuza spea mmoja wa Kabasa, mzee Mwislamu wa kofia, tumejuana tangu enzi za dagaa. Kila nikiingia dukani alikuwa anasimama kama yuko msibani.

"Innalillahi. Bado hujamzika tu huyo maiti?"

"Maiti anakohoa sasa. Nipe mipira ya breki."

"Ukoo mzima wa maiti huyu, landrova zote za hapa, umenunua kwangu. Chukua, mzee mwenzangu. Akifufuka nitambatiza mwenyewe."

"Utabatiza wewe Mwislamu?"

"Kwa landrova nitafanya dhambi hiyo."

Injini iliwaka siku ya Jumapili watu wakitoka kanisani. Moshi ulifunika mtaa. Mke wangu alipiga kigelegele akiwa amekaa.

Ikabaki bodi. Sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu. Nikachoma mabati mapya. Halafu nikaona matundu mengine, madogo, ya duara, chini ya milango na kwenye pembe za sakafu. Hayakuwa ya kutu, yalikuwa yametobolewa vizuri kabisa. Nikasema, hawa Wazungu walikuwa wavivu namna gani, wanaacha chombo kina matundu? Mimi nimeunda mitumbwi zaidi ya hamsini na hakuna uliovuja. Nikachukua pamba, nikaisokota, nikaigonga kwa patasi ndani ya kila tundu na kila kiungo, juu nikapaka rangi mara tatu, kama tunavyoziba ubao. Nikamwaga ndoo ya maji chini ya gari kwa nguvu, nikachungulia ndani: tone halikuingia. Nikajisifu mtaa mzima.

Wiki moja kabla ya safari ya Butiama niliipeleka Bunda kuijaribu. Ilikimbia vizuri. Kurudi, mvua ikanikamata, ile mvua ya Mara inayokuja kwa ubavu. Maji yakaanza kuingia juu ya milango na kwenye viungo vya kioo. Sikujali, landrova zote zinavuja juu. Lakini baada ya muda nikahisi miguu mizito. Kutazama chini, maji yako kwenye vifundo. Nikipiga breki yanakimbilia mbele yananilowesha magoti, nikiongeza moto yanarudi nyuma kama mawimbi. Nikaendesha hivyo mpaka Makoko, nina ziwa langu mwenyewe ndani ya gari.

Mke wangu alikuwa barazani. Nikafungua mlango, maji yakamwagika kama bomba limepasuka, na ndala moja ikatoka nayo ikielea.

Aliangalia ile ndala. Akaniangalia mimi. Akacheka mpaka akashika nyonga yake. "Umeunda mtumbwi wa kugeuza! Maji yanakaa ndani, wewe unapita nchi kavu!"

Tangu aanguke nilikuwa sijamsikia anacheka hivyo. Lakini mimi moyo ulikuwa umekufa. Nikiziacha zile pamba, mama mkwe atalowa kama dagaa. Nikampigia yule muuza spea wa Kabasa. Akasikiliza yote, najua alikuwa anafunika simu acheke.

"Yale matundu ni ya kutolea maji, mzee mwenzangu. Yatoboe."

"Yote?"

"Yote. Na upande wa nyuma ongeza mawili. Gari si mtumbwi. Maji yataingia tu, wewe yape mlango."

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu wanaounda vyombo, mtu anayetoboa sakafu ya chombo kwa makusudi anataka kuua. Marehemu baba alinichapa nilipokuwa mdogo kwa kuchezea msumari tu ndani ya mtumbwi. Nililala chini ya landrova na drili mkononi, kidole kiko kwenye swichi, hakibonyezi. Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi. Bado.

Fremu ya mke wangu ikaja ikigonga gonga mpaka ubavuni. Nikaona kanga yake na chaki ikianguka karibu na kichwa changu.

"Chora duara pale utakapotoboa," alisema. "Ukishachora, usifikirie mtumbwi. Fikiria mama."

Nikachora. Nikatoboa. Kila tundu nililipitisha na macho yamefumbwa, na hiyo si namna ya kutumia drili, msijaribu.

Siku yenyewe niliweka godoro nyuma, kiti cha kuegemea, mtungi wa maji, na kidirisha cha ukutani nikakifunika kwa kitenge kipya, pande zote mbili. Butiama walinisubiri. Nilisimama mbali, karibu na zizi, mpaka wanawake wakamaliza kumpandisha. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akapanda naye. Nikasikia fimbo ikipapasa ukuta wa bati, halafu kitenge.

"Kimefunikwa," alisema mama mkwe.

"Kimefunikwa, mama."

"Mkwe ana adabu. Aondoke."

Tulikubaliana fimbo ikigonga mara moja nasimama, mara mbili naondoka. Hatujafika mbali, ikagonga. Nikasimama, nikashuka, nikageukia barabarani.

"Shemeji," mdogo wake mke wangu aliita, "mama anasema unaendesha kama umebeba mayai. Anauliza kama unataka tufike akiwa hai."

Nikaongeza. Ikagonga tena.

"Sasa anasema yeye si gunia la mihogo."

Karibu tufike Makutano gari likakohoa likazima. Nilijua, uchafu wa tenki ulikuwa umeziba mrija wa mafuta. Nikafungua mrija, nikaunyonya kwa mdomo, nikatema petroli kando ya barabara. Nilikuwa namwaza mke wangu kule Makoko. Nilijua amesimama. Nilimwambia akae, nikajua hatakaa.

Kutoka nyuma ya turubai nikasikia sauti ya mama mkwe, polepole:

"Mwambie mkwe asimeze hiyo kitu."

Gari likawaka.

Mke wangu alikuwa getini kweli, ameshika fremu, amevaa gauni la kanisani. Wanawake wa jirani wakamshusha mama, wawili huku wawili kule. Mimi sikuruhusiwa kugusa wala kutazama. Nikafungua boneti nikaingiza kichwa humo. Lakini masikio hayana boneti.

Fimbo ikapapasa fremu. Chuma na mti vikagongana. Halafu mama akasema, "Umenenepa."

"Ninakula, mama. Wewe umepungua."

"Nilibakiza kiasi cha kuja."

Hawakulia. Au walilia kwa namna ambayo haina sauti. Walikwenda hatua moja moja mpaka barazani, mmoja na fimbo, mwingine na fremu, na mimi niliendelea kukaza boliti ambayo ilikuwa imeshakaza tangu Butiama. Injini ikapoa kabisa na bado nimeinama.

Mama alikaa siku tisa. Alilala chumba cha nje na binti yake, mchana barazani. Kwa kuwa yeye yuko barazani, mimi siwezi kupita hapo wala kula mbele yake, basi chakula changu kilikuwa kinaletwa kwenye landrova. Nilikaa mbele kwenye usukani, ugali magotini, sato juu ya dashibodi, vioo vimepandishwa, nikiwasikia wanacheka kule. Majirani walipita wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanong'ona na mwenzake kwamba mzee amefukuzwa nyumbani.

Nikamwacha aseme. Niliomba niongezewe mchuzi.