Kibati Shingoni mwa Mbwa Wetu

Siku nilipomvalisha mbwa wetu kibati shingoni, jirani aliegemea ua akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa mbwa ana kitambulisho! Atampigia nani kura?"

Nilimweleza taratibu. Kibati si urembo. Mbwa akipotea hawezi kusema kwao ni wapi, na sisi hapa Shianda tukimwona mbwa tusiyemjua, tunasema tu ni wa kuzurura. Kibati ndicho kinachomsemea. Jina lake sikuliandika, maana mwizi angemwita nalo, na mbwa angemfuata. Fundi wa funguo alichonga nambari ya simu peke yake. Nilichagua nambari ya baba kwa kuwa yeye hushinda nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosea.

Miwa ikivunwa kwetu, wakataji wanapofika kipande cha mwisho, ndezi na sungura waliojificha humo hutoka mbio, na mbwa wa kijiji kizima huwa wamekwisha kujipanga. Wetu alikuwa na watoto wanne wa wiki mbili, lakini sherehe hiyo hakuweza kuikosa. Alitoka asubuhi. Kufikia saa nane mchana hakuwa amerudi, na watoto walikuwa wakilia ndani ya boksi, wakinyonya hata kidole changu. Nilijaribu maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, yakatokea puani. Nilijua bila mama yao hawangefika mbali.

Simu ya baba ikalia. Akasikiliza kidogo, akakata.

"Nani, baba?"

"Wakora. Eti, 'Mzee, nina kitu chako hapa.' Wote huanza hivyo, kisha wanataka nambari ya siri."

Ikalia tena, akakata bila kusikiliza. Simlaumu. Kuna wakati walimwambia ameshinda friji, akakaa siku mbili kando ya barabara akiisubiri. Ilipolia mara ya tatu, niliichukua mkononi mwake.

"Salaam aleikum," mama mmoja alisema kwa ukali. "Huyo mzee wenu ana adabu kweli? Mimi nauza chai hapa Ekero. Kuna mbwa chini ya meza yangu amebeba nambari yenu, na matiti yamejaa mpaka anatia huruma."

"Ni wetu, mama! Tafadhali usimwache aondoke!"

"Aende wapi? Amelalia gunia langu la makaa, na mimi nataka kuchochea moto!"

Baba alikuwa wa kwanza kupanda bodaboda. Kule Ekero alivua kofia. "Mama, nisamehe. Nilidhani wewe ni mkora."

"Na mimi nilidhani simu imeshikwa na mbwa," akajibu, "ingawa huyu aliye hapa ana heshima zaidi."

Baba alicheka kuliko sisi wote. Tulimshukuru yule mama, naye akatukatalia kuondoka bila chai, lakini nilipomweleza habari za watoto alitusukuma mwenyewe kwenye pikipiki. Mbwa alikaa katikati yetu, masikio yakipepea.

Nyumbani aliruka chini kabla hatujasimama, akaingia ndani ya boksi. Kelele zikakatika mara moja, ikabaki sauti ya kunyonya tu. Baba alichuchumaa, akamsukuma taratibu kwa kidole yule mdogo kabisa aliyeshindwa kupenya, mpaka naye akapata titi.