Kichupa Kisichofika Mstari

Hebu mwone anavyoingia: mwanamume mfupi, koti jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Hasalimii mtu kabla ya kuvaa glavu. Kwanza huinua vichupa vya damu vyenye kifuniko cha buluu, kimoja kimoja, akivimulika kwenye taa kama mtu anayechagua mayai. Ndani ya kila kichupa mna matone ya dawa ya kuzuia damu isigande kabla ya kupimwa, nayo imekadiriwa kwa damu inayofika kwenye mstari. Damu ikipungua, dawa inazidi, na mashine itakwambia damu ni nyepesi, haigandi upesi, kumbe sivyo. Kisichofika mstari, anakitupa. Basi wauguzi wakambandika jina: Mzee Mstari.

"Wewe siku ukizikwa utachungulia kama udongo umefika!" walimtania.

"Usipofika, nawarudishia."

Miaka thelathini na moja maabara, na ukali huo alifundishwa na wodi ya waliopandikizwa ini. Damu ya wale watu, jamani, ni kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Ikiegemea huku, inavuja. Ikiegemea kule, inaganda ndani ya mshipa unaolisha ini jipya. Daktari hajui aivute upande gani mpaka maabara iseme.

Jumanne moja akaja muuguzi wa wodi hiyo, binti mpole aliyezoea kumwita baba. Kichupa alichoshika kilikuwa cha mgonjwa mmoja, fundi viatu, na damu ilikuwa imeishia upana wa ukucha chini ya mstari.

"Rudi ukatoe nyingine."

"Baba, nimemchoma mara sita. Mikono imekuwa chujio. Leo amelia, mtu mzima yule, mbele ya dada yake. Nakuomba, leo tu."

Dada huyo Mzee alimjua. Ndiye aliyekatwa nusu ya ini lake ampe kaka, na kila asubuhi alisimama ukumbini ameshika tumbo, akiuliza, "Mzee wangu, damu ya kaka imeamkaje?"

Ukucha tu, Mzee akajiambia. Akakitia mashineni.

Mashine ikasema damu nyepesi. Alipaswa kuandika pembeni kwamba kichupa hakikujaa. Kalamu aliishika, kisha akawaza: nikiandika, atachomwa mara ya saba. Akaiweka chini. Wodini daktari akasoma, akasimamisha sindano za kuzuia kuganda, mgonjwa asije akavuja.

Alhamisi kikaja kichupa kingine cha fundi, hiki kimejaa. Wepesi haukuwepo hata chembe. Mzee akarudia kupima, akapiga simu wodini. Adhuhuri picha ikaonyesha mshipa wa ini umeziba. Donge walilitoa, lakini ini lilikuwa limeshaanza kufa.

"Hutokea hata tukifanya kila kitu sawasawa," daktari alisema. Na ni kweli, hutokea.

Mzee angeweza kujificha chini ya maneno hayo. Lakini kesho yake, alipopeleka majibu, aliwasikia madaktari wakijadili kama fundi atafutiwe ini jingine.

"Damu yake imeganda ikiwa nyepesi. Ana ugonjwa tusioujua. Tukimpa la pili, si tutalipoteza nalo?"

Walikuwa wakiitegemea ile namba ya Jumanne.

Mzee akarudi maabara, akavua miwani, akaivaa tena. Akaandika karatasi nzima: kichupa hakikufika mstari, nilikiona, nikanyamaza. Akatia sahihi. Jina la muuguzi hakulitaja.

Akatoka nayo kuelekea kwa madaktari. Ukumbini, palepale pa kila siku, dada mtu alikuwa amesimama, mkono tumboni.

"Mzee wangu," akasema, "damu ya kaka imeamkaje?"

Karatasi iko mkononi, na yule dada ameikazia macho. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungemjibu nini?