Kadi Yenye Maandishi Mekundu

Mdogo wangu alipochumbiwa, tuliunda kamati ya harusi, kamati ikaunda kundi la WhatsApp, na kundi likaanza kugombania kadi. Mchapaji alituma nakala ya PDF: andikeni maoni humo humo juu yake, mnirudishie. Kazi nikapewa mimi. Ofisini nashinda mbele ya kompyuta, na kwetu hiyo ni elimu tosha.

Niliifungua kwenye kivinjari, nyumbani Tangini. Raha iliyoje! Kuna kalamu ya kuchora, kuna kitufe cha kuandika, unachagua na rangi. Maua mazuri, tarehe sahihi, ukumbi sahihi. Wanaoalika ni baba na mama. Mama huyo ni mama yetu wa kambo, aliyekuja mdogo wangu akiwa tayari yuko sekondari. Shangazi wa Dutumi, aliyembeba mgongoni hadi shambani tangu mama yetu afariki, hayupo popote.

Damu ikanichemka. Nikachagua nyekundu, nikaandika chini ya jina la baba: “Na shangazi je? Ndiye aliyemlea huyu mtoto. Au mmeshasahau?” Nikatuma kwa mchapaji na kwa kamati.

Baba mdogo, mwenyekiti wetu, akanipigia hapo hapo. “Kadi hutoka kwa baba, mwanangu. Ukitaja walezi, ukoo mzima utadai nafasi.” Kisha akampigia mchapaji: asibadilishe kitu, achape kama ilivyo.

Akachapa kama ilivyo. Boksi lilipofunguliwa, maneno yangu yalikuwa kwenye kila kadi, mekundu, yamekaa vizuri utadhani yamepangwa. Baba mdogo alishika kichwa. Mimi nilitaka kucheka, nikaogopa.

Shangazi alikuwepo, amekuja na mihogo yake. Miwani ameisahau, akamwomba bibi harusi amsomee. Mdogo wangu alisoma mpaka “aliyemlea”, sauti ikakatika, nikamalizia mimi.

Shangazi akajifunga kanga vizuri. “Zigawanyeni hivyo hivyo. Ila ya kwanza mpelekeeni baba yenu.”

Nikampelekea mwenyewe. Baba alikuwa barazani, redio mkononi. Alisoma, akarudia kusoma, akazima redio. Akachukua simu, akampigia dada yake.

“Shikamoo, dada,” akasema. Akataka kuendelea, akashindwa, akalia.