Mama wa Kijana wa Ziwani

Time binti Abdulrahman, mtu wa Pangani, alisomea fasihi chuoni, na alichokipenda kuliko vyote ni hadithi za majini na mazimwi. Alitaka kuandika historia ya hadithi hizo: zilivyojaa kwenye tenzi za zamani, zilivyopunguzwa makali ili ziingie vitabu vya shule, na zinavyorudi sasa kwenye riwaya. Kazi ya kufundisha hakuipata. Akaja Doha, akawa anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli.

Mhariri mmoja wa Nairobi, Edith, alikuwa akikusanya makala za uhakiki kwa ajili ya kitabu. Time akaomba nafasi, akapewa.

Ijumaa alikuwa akila kwenye mgahawa mdogo chini ya jengo alimokaa na wenzake wa hoteli, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Hapo alizoeana na Philipo, mlinzi kutoka Bukoba aliyekuwa akikaa kwenye kambi ya wafanyakazi huko Industrial Area. Siku moja Philipo akamsimulia hadithi aliyokuwa akisimuliwa na mama yake: kijana alichukuliwa na zimwi, akapelekwa kulima shamba chini ya ziwa, akakaa huko mpaka sura ikabadilika. Aliporudi kijijini hakuna aliyemjua. Mama wa kijana, ambaye alishakuwa kipofu, alimsikia akikohoa uani akasema, "Huyo mwanangu, mpeni kiti."

Time aliirekodi kwa ruhusa yake, na makala yote akaijenga juu ya hadithi hiyo. Wanaosema hadithi za ajabu ni kuyakimbia maisha, aliandika, hawatazami mwisho wake. Kijana haendi ziwani ili abaki. Anakwenda ili kurudi kwake kuwe na uzito.

Kabla hajaituma, mama yake Philipo alifariki. Philipo aliomba ruhusa, akaambiwa asubiri apatikane wa kushika zamu yake. Mazishi aliyaona kwenye simu, picha ikikatika-katika.

Walipoonana tena Time alimpa pole. Baadaye Philipo mwenyewe akaanza.

"Ile hadithi nilikudanganya mwisho, dada Time. Kijana alipofika alikuta mlango uko wazi na kuku wamelala kwenye kitanda cha mama yake. Majirani wakamuuliza, wewe ni nani?"

"Na yeye akasemaje?"

"Hakusema kitu. Angewaambia nini?"

Time aliifumua makala, akaweka miisho yote miwili, akaeleza lini na kwa nini msimulizi aliubadilisha, kisha akaituma. Edith akampigia.

"Huo mwisho wa pili si hadithi, ni msiba wa mtu," alisema. "Sisi tunahakiki hadithi iliyopokewa kizazi kwa kizazi."

"Kila aliyeipokea aliisimulia kwa msiba wake, Edith. Historia yake ndiyo hiyo."

"Labda. Lakini sitauchapisha. Bakiza ule mwisho wa kwanza tu, au tuache."

Time akasema waache. Aliumia, ila aliona amemtendea Philipo haki, na Ijumaa iliyofuata akamweleza yote. Philipo alikuwa anamenya chungwa, akaacha.

"Wewe ungewapa ile ya kwanza," alisema taratibu.

"Ulisema ulinidanganya."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na uchungu. Ile ya kwanza ndiyo ya mama. Kwenye kitabu angekuwa bado yupo, anasikia mtu uani."

Kesho yake Time alimwandikia Edith kwamba amekubali, ubaki mwisho wa kwanza tu. Edith akajibu kwa upole kwamba kitabu kimeshakwenda kwa mchapaji.

Philipo hakumlaumu. Ila alipoombwa hadithi nyingine alisema amezisahau, na baada ya muda akahamishiwa lindo la Al Wukair, nje ya mji, mgahawani asionekane tena. Time anaendelea na mashuka. Wenzake chumbani wakimuuliza kuhusu kile kitabu alichokuwa akikiandikia makala, anawaambia kilikuwa cha mambo ya mazimwi tu, kisha anageukia ukutani.